Kamba Iliyovuta Lori

Musyimi alipimwa kwenye mizani ya magunia, mchana peupe, watu wakitazama.

Nasreen, mwenye duka la vifaa mjini Kitui, alikuwa amesema belti ya kupandia miti haichaguliwi kwa macho. Lazima zijulikane kilo za mtu na mzingo wa kiuno chake. Mizani ya karibu ilikuwa ya jirani yake, muuza nafaka. Basi mwanamume wa miaka arobaini na saba, aliyeanza kupanda miti kabla hajaota ndevu, akavuliwa viatu na kusimamishwa kati ya gunia la pojo na gunia la mbaazi, mikono ameibana mapajani kama mtoto aliyepelekwa kliniki.

"Sitini na moja!" muuza nafaka akatangaza. "Mzee, hata gunia la mahindi linakushinda!"

Wakacheka wote. Kalondu, mkewe, alitaka kucheka nao akashindwa. Alimwona mumewe akiinama kutafuta kiatu cha kushoto, na hasira ikampanda, ingawa hakujua amkasirikie nani. Aliyewafikisha hapa alikuwa prinsipo wa shule ya wasichana kule kwao Zombe. Mikaratusi minane ilikuwa imeinamia paa la bweni, matawi yalitakiwa yapunguzwe kabla mvua haijaanza, na prinsipo akasema mbele ya watu: "Hakuna mtu atapanda mti kwa shule yangu bila belti, helmeti na kamba. Mimi sitaki Kyule mwingine."

Jina hilo lilitosha. Kyule, rafiki ya Musyimi na mwenzake wa kazi, alianguka mwezi wa saba huko Ikutha, na tangu siku hiyo hajasimama kwa miguu yake. Wengine walisema alikuwa amelewa, akaikata kamba yake mwenyewe kwa panga. Wengine wakasema mti ule ulikuwa na wenyewe. Kalondu hakujua amsadiki nani. Alichojua ni kwamba Musyimi naye hupanda vilevile, Kalondu mwenyewe akiwa chini ameshika mkia wa kamba, na kwamba hataki kuletewa mumewe juu ya mlango uliong'olewa, kama Kavindu alivyoletewa mumewe Kyule.

Waliporudi dukani Nasreen akatandaza belti mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa na pete ya chuma mgongoni. "Hii ni ya fundi wa ghorofa. Akiteleza, inamdaka." Nyingine ilikuwa na pete mbili kiunoni na mikanda mipana ya mapaja. "Na hii ni ya mtu wa miti. Anakaa ndani yake, anakata." Bei ya hiyo ya pili ilikuwa karibu maradufu.

"Kudaka ndiyo tunataka," Musyimi akasema. "Hiyo ya bei ya chini si inadaka? Lete."

"Jaribu zote mbili kwanza, mzee wangu."

Wakamning'iniza kwenye boriti. Ndani ya ile ya ghorofa alining'inia kwa mgongo, shingo mbele, miguu ikitapatapa kama mbuzi buchani, na mikono yake haikufika popote. Ndani ya ya pili alikaa. Alikaa kabisa, hata akakunja mikono kifuani. Mteja mmoja, fundi wa nguzo za umeme, akasema hayo yote ni upuuzi, anunue vile vyuma vyenye meno vya kufunga miguuni. Mwingine akamkatiza: vyuma hivyo vinautoboa mti, na shule inataka miti yake hai. Wa tatu alikuwa amekuja kununua misumari tu, lakini naye hakukubali kuondoka bila kutoa maoni: kwa kichwa, helmeti ya bodaboda inatosha. "Inaziba masikio," Nasreen akasema. "Mama akimwita kutoka chini atasikiaje?" Kisha zikaja kulabu za kuunganishia kamba na belti, na kumbe zile ndogo za kung'aa alizozishika Musyimi ni za kuning'inizia funguo. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Wangekuja kuona kichwa cha Kalondu siku hiyo, kilikuwa kinavuma kama mzinga.

Belti ya mtu wa miti wakaichukua, na helmeti yenye mkanda wa kidevu, na kulabu mbili zinazojifunga zenyewe. Balaa likawa kwenye kamba. Nasreen alileta kamba nyeupe yenye uzi wa buluu, imefungwa ndani ya nailoni, unene wake kama kidole cha mwanamke.

Musyimi akaicheka. "Hii ni ya kuanika nguo."

"Inabeba zaidi ya kilo elfu mbili. Imeandikwa hapa."

"Nani aliipima? Wewe ulikuwako?"

Sasa, huko kwao kamba mpya haipandi mti. Mpanda miti akinunua kamba humpelekea kwanza dereva wa lori la mchanga, ikakomae mtoni. Lori likizama kwenye mchanga wa mto Thua mpaka ekseli, kamba hufungwa, lori lingine huvuta, na kamba isipokatika basi imeshuhudiwa. Mwenye kamba hiyo huipokea kama baba anayempokea mwana aliyetoka jandoni. Ya Musyimi, nene kama mpini wa panga, ya misokoto mitatu, ilikuwa imevuta lori la Mulinge mara nne.

"Tani saba!" Musyimi akamwambia Nasreen. "Na mimi umesikia mwenyewe, kilo sitini na moja. Hebu nihesabie hapo."

"Kamba ikishavuta gari haifai tena kubeba mtu. Ndivyo walivyoandika."

"Kwa hivyo aliyepita mtihani ndiye amefeli? Na huyu ambaye hajawahi hata kukaa darasani ndiye namba wani?"

Duka zima likaangua kicheko. Nasreen naye akacheka, akakubali kushindwa. "Mimi nauza tu, mzee wangu. Sijapanda hata mpapai."

Kalondu alisimama hapo, kiondo begani. Maneno ya mumewe yaliingia akilini vizuri kabisa. Ya Nasreen hayakuingia, lakini hayakutoka pia. Musyimi alipotoka kutafuta gari la kurudi Zombe, mkono wa Kalondu uliingia kifuani wenyewe, ukatoa pesa alizopata kwenye chama, ambazo zilikuwa za tangi la maji.

"Na nisipoitumia?" akauliza.

"Irudi na nailoni yake haijafunguliwa, mama, pesa yako nitakupa yote."

Akaitia ile kamba chini kabisa ya kiondo, akaifunika na mkate na sukari. Alijiona mwizi, na aliyekuwa anamwibia ni yeye mwenyewe.

*

Jumamosi alikwenda kumwona Kyule.

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito kikavu, na mlango ulikuwa umerudishwa kwenye bawaba zake, ila haukufunga sawasawa. Kavindu, mkewe, alikuwa uani akipepeta mbaazi. Hakuinua macho. "Huyu yuko ndani," alisema. Zamani alikuwa akimwita Baba Ben, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na alilitamka kwa maringo mpaka wanawake wenzake wakamtania. Tangu mumewe aanguke hakulitamka tena. Akawa huyu tu: huyu amelala, huyu anataka maji.

Kyule alilala chali, shuka mpaka kifuani. Mikono yake ilikuwa bado minene.

"Mama Muthoki," akasema. "Nasikia mumeo amenunuliwa nguo za rubani."

"Kyule, nataka kukuuliza. Siku ile, ni nini kilitokea?"

"Nilisikia kitu kama mtu amekohoa. Basi. Kisha nikawa chini, naangalia majani."

"Wanasema ulikuwa umekunywa."

"Mimi nimeokoka! Nilikuwa shemasi, unajua." Sauti ikamshuka. "Lakini wale wenye boma walinipa uji asubuhi. Ulikuwa umechacha kidogo. Nikanywa vikombe viwili. Sasa wameniuliza sana, pasta ameniuliza, Kavindu ameniuliza, mpaka mimi mwenyewe sijui. Pengine haukuwa uji. Pengine nililewa na sikujijua. Inawezekana mtu alewe na asijijue?"

Walikuwa wamemvua ushemasi akiwa kitandani, na barua ilisomwa kanisani yeye akiwa hapa hapa anatazama mabati.

Akitoka, alimwona mbuzi wa Kavindu amefungwa kwa kipande cha kamba nene. "Hiyo ndiyo ya siku ile?" akauliza.

"Ndiyo iliyobaki," Kavindu akasema. "Nitupe kamba nzuri hivyo? Ilivuta malori."

Kalondu akainama akaishika. Alikuwa amesuka vyondo tangu utotoni, na vidole vyake vilijua uzi kuliko macho yake. Akaikunja. Ndani kabisa kitu kikakwaruza, kidogo tu, kama chembe ya mchanga kwenye meno unapokula. Lakini mbuzi alikuwa ameiburura vumbini miezi mitatu, isikwaruze kwa nini? Akaiachilia, akaenda zake akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

*

Jumapili vifaa vikaombewa. Musyimi alikuwa ameifua kamba yake kwa sabuni, akaianika, rangi yake ya buluu ikarudi. Aliipanga mbele ya madhabahu pamoja na helmeti na belti, na pasta akawaita waumini wanyooshe mikono. Mulinge, dereva wa lori, akasimama kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe! Hii kamba naijua. Mimi nilikuwa nimezama pale Thua, maji yanakuja kutoka juu, nikasema leo ni leo. Hii kamba ikanitoa! Na aliyenitoa mimi na tani saba, atashindwa na Musyimi?"

"Hawezi!" wakaitikia.

Kina mama wakapiga vigelegele. Musyimi alisimama kifua mbele, na Kalondu akaona jinsi alivyopona aibu ya mizani. Chini ya benchi, ndani ya kiondo, ile kamba nyembamba ilikuwa imelala na nailoni yake, haijavuta kitu, haijashuhudiwa na mtu, na sasa hata haijaombewa. Aliisukuma kwa kisigino isije ikaonekana.

Jioni, wakila, akajaribu. "Baba Muthoki. Ungesemaje kama ile kamba ya Kitui tungekuwa nayo?"

"Ningempa Mulinge aende nayo mtoni. Ikirudi, tungeona."

"Na kama ni mtoni ndiko zinakoharibikia?"

Musyimi akaacha kutafuna. "Wewe umeambiwa na nani? Yule mama wa Kitui mwenyewe alisema hajui. Pasta ameomba, Mulinge ameshuhudia, mimi nimeipanda miaka minne. Wewe uko na nini?"

Hakuwa na kitu. Alikuwa na mkwaruzo mdogo vidoleni, na huo hauwezi kuwekwa mezani.

*

Jumatatu asubuhi prinsipo alikuja mwenyewe nyuma ya bweni, daftari mkononi, na walimu wawili na mpishi. Akaigonga helmeti. Akavuta mikanda ya belti.

"Kamba?"

"Hii hapa, madam. Imeombewa jana."

Prinsipo akaipima kwa kiganja, vidole vyake vikakutana kwa taabu. "Nene. Vizuri sana," akasema, akaandika alama kwenye daftari.

Basi hata serikali imepitisha, Kalondu akajiambia. Nani yeye? Musyimi akarusha uzi wenye jiwe, ukapita kwenye panda ya mkaratusi wa kwanza, akaivuta kamba nene ikapita. Ncha moja akaifunga kwenye belti. Ncha ya pili ilikuwa ya Kalondu, aizungushe kwenye shina na kuishika, akivuta kila inapolegea. Miaka yote hiyo Musyimi hakuwahi kumuuliza kama ameshika. Alipanda tu.

Akapanda. Urefu wa mtu mmoja, wa watu wawili. Kalondu akaikunja kamba kuizungusha shinani, na ikakwaruza.

Mkwaruzo ule ule, ambao miaka yote hakuwahi kuusikiliza. Mbuzi hakuwa ameiburura hii. Hii imefuliwa kwa sabuni, imekaa ukutani, imeletwa kanisani mabegani. Ikakwaruza tena, na katika mikono yake miwili zikakutana kamba ya Kyule na ya mumewe, na zote mbili zilikuwa zimetoka mtoni.

"Shuka!"

"Nini?"

"Musyimi, shuka! Kumbatia mti, usiikalie kamba, shuka!"

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake mbele ya watu. Mpishi akaguna. Musyimi akashuka taratibu, akilikumbatia shina, na alipogusa ardhi uso wake ulikuwa umesawijika.

"Unaniaibisha hata hapa?"

Kalondu alikwishakaa chini, kamba mapajani, anaifungua misokoto kwa vidole gumba, kama anavyofungua uzi wa kiondo ulioharibika. Nje ilikuwa buluu. Ndani ilikuwa ya kijivu, imejaa vinyuzi vilivyokatika, laini kama pamba ya godoro kuukuu, na mchanga ukaanza kuteremka kwenye leso yake. Mchanga mweupe, safi, wa mto. Ukateremka zaidi ya vile mtu angedhani kamba inaweza kubeba.

"Mchanga tu," Musyimi akasema, lakini si kwa sauti ile ya kwanza. "Mchanga unaweza kukata kamba?"

"Sijui," Kalondu akasema. "Wallahi sijui! Vuta wewe."

Akampa msokoto mmoja. Musyimi akauzungusha kwenye viganja, akavuta kama mtu anayetaka kumaliza ubishi, na ukakatika. Haukulia kwa nguvu. Ulitoa sauti ndogo, kama mtu amekohoa.

Kalondu akaziba mdomo. Musyimi akautazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akachukua msokoto wa pili. Nao ukakatika. Wa tatu hakuujaribu. Aliketi kwenye mzizi, kilo zake sitini na moja zote, akavua helmeti akaiweka magotini.

"Ngai, Mungu wangu," akasema polepole. "Nimekaa juu ya hii miaka minne."

Prinsipo alikuwa anafuta ile alama kwenye daftari kwa kidole, wino ukizidi kusambaa. "Basi kazi tuahirishe," akasema. "Ama mko na nyingine?"

Ndipo Kalondu akatoa mkate kwenye kiondo, kisha leso, kisha kamba nyembamba. Musyimi akaitazama, akamtazama mkewe, akaona hata ile nailoni. Hakuuliza pesa ilitoka wapi. Alijua tangi limekwenda na maji.

"Hii haijaombewa," akasema.

"Imeombewa. Toka Kitui mpaka hapa sijanyamaza."

Aliirarua nailoni kwa meno. Walichukua muda kuipitisha juu ya panda, na mafundo yake yaliwakataa mara mbili. Kwa mikono ya Kalondu ilikuwa ngeni, inateleza, haina uzito wa kumtuliza mtu. Bado hakujua kama ndiyo. Kamba moja kuwa mbovu hakuifanyi nyingine kuwa nzima, na aliyeandika zile kilo elfu mbili hakuwa hapa kuulizwa.

Musyimi akaning'inia nayo karibu na ardhi, akaruka ndani ya belti, mara moja, mara mbili. Akafika urefu wa mtu mmoja. Hapo akasimama, akatazama chini kwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

"Mama Muthoki. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Umeshika kweli?"

"Panda, baba. Nimeshika."

*

Walipomaliza miti miwili, jua likiwa bado liko juu, hawakwenda nyumbani. Walivuka kijito wakaingia kwa Kyule, na Musyimi hakupiga hodi wala hakusalimu. Alimfungua mbuzi uani, Kavindu akipiga kelele nyuma yake, akaingia na kile kipande cha kamba ndani, akakiweka kwenye kifua cha rafiki yake.

"Fungua."

Kyule hakuelewa. Kalondu akamwonyesha pa kushika. Vile vidole vinene vikatenganisha misokoto, na mchanga ukamwagika juu ya shuka, ukaingia kwenye mikunjo, ukaendelea kumwagika.

"Na yangu ni hivyo hivyo," Musyimi akasema. "Nimeikata kwa mikono leo. Msokoto mzima, kwa mikono hii. Na unajua ulilia vipi? Kama mtu amekohoa."

Kyule aliinua chembe chache, akazisugua kati ya vidole, akazitazama kwenye mwanga wa mlango usiofunga.

"Kwa hivyo ulikuwa uji," akasema.

Akawatazama mmoja mmoja.

"Ulikuwa uji tu. Nilikunywa uji."

Akaanza kulia, mtu mzima, chali, machozi yakimwingia masikioni kwa sababu hakuweza kugeuka. Musyimi akatoka nje kwa haraka, akajifanya anamtafuta mbuzi. Kalondu akabaki ameshika ukuta. Kavindu alikuwa mlangoni, ungo wa mbaazi kiunoni, anautazama mchanga kwenye shuka aliyoifua jana. Alisimama hapo mpaka Kalondu akadhani hakusikia. Kisha akauweka ungo chini, akaenda kitandani, akamfuta mumewe masikio kwa ncha ya leso yake, sikio moja, halafu la pili.

"Nyamaza, Baba Ben," akasema. "Nyamaza nikupikie uji mwingine."